Mkwe Yuko Mbele

Mama yangu na mume wangu walipendana sana, na kwa sababu hiyo hawakuwahi kukaa chumba kimoja.

Mtu asiyetoka kwetu akisikia hivyo hudhani nimechanganya maneno. Sijachanganya. Mama alizaliwa Kibondo na kukulia Kibondo, na kwa malezi yake mkwe wa kiume ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Hamshikani mikono. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani kidogo na kuyatazama mahindi kana kwamba anatafuta wadudu, mpaka mwenzake apite. Siku hizi mjini wengi wameacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wakitazama taarifa ya habari. Mama hakuacha. Alisema kama wengine wamechoka kuheshimiana, yeye bado ana nguvu.

Mume wangu ni fundi mwashi. Watu wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, na yeye alilelewa kambini na shangazi yake, kwa sababu mama yake alifariki safarini akiwa bado anambeba mgongoni. Leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho na maneno mengi. Nilidhani mtu aliyekua bila mama angetamani kuwa karibu na wangu. Kumbe mambo ya ukwe aliyajua vizuri, shangazi alimfunza, na aliyashika kwa bidii kuliko mama mwenyewe. Alipojenga nyumba yetu Kasulu aliweka mlango wa tatu, unaotoka jikoni kuelekea kwenye migomba, ili mama akija kutusalimia aingie na kutoka bila kukutana naye. Mafundi wenzake walimcheka. Akawaambia waendelee kucheka, lakini wasiache kuchanganya udongo.

Mimi katikati yao nilikuwa redio. Mama akiwa jikoni, mume wangu akiwa sebuleni, ukuta mmoja tu kati yao, mama angesema, "Mwambie mwenzio avae koti, nje kuna baridi." Mume wangu angekuwa ameshasikia, ameshasimama, ameshaanza kuvaa koti. Lakini hawezi kutoka mpaka nimwambie. Basi nilitoka jikoni, nikaenda sebuleni, nikamwambia mtu aliyevaa koti avae koti. Naye angejibu, "Mwambie mama nashukuru." Nikarudi jikoni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri, na siku nyingine nilifika jikoni nikasema tu, "Umesikia mwenyewe." Mama angenitazama hivi mpaka niseme maneno yote.

Baba alifariki mwaka 2012, na mama akabaki peke yake Kibondo. Mwisho wa mvua za 2014 akateleza uani akiwa amebeba ndoo. Alilala pale chini tangu jua linachomoza, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akipeleka maharage sokoni akasikia mtu anaita. Tulimchukua, tukampeleka hospitali ya Kabanga, wakamtibu nyonga na goti. Waliporuhusu aondoke walisema mfupa haukuvunjika, lakini akiendelea kukaa kitako kama mgeni, miguu itasahau kazi. Inabidi atembee, tena atembee sana.

Nilitaka akae kwangu. Nilisema nikarudia. Mama akasema mtu mzima halali chini ya paa la mkwe wake, basi. Akaenda kupanga kwa jirani yetu, mjane wa Kiislamu mwenye duka la vitenge, na mimi nikawa navuka barabara asubuhi na jioni na hotpoti mkononi kama mchuuzi. Na mama alikuwa ameshaweka kipimo chake. Siku atakayoweza kutembea bila kushikwa na mtu, siku hiyo anapanda basi la Kibondo. Hapo ndipo nilipokuwa nimebanwa. Asipotembea anaharibika. Akitembea anapona, na akipona anarudi kwenye ua ule ule, peke yake, na ndoo ile ile.

Mwezi wa sita mume wangu alipata kazi ya kiangazi. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi za kukarabati ndani ya hifadhi ya taifa, ile ya milima inayoteremka mpaka ziwani, huko mbele ya Kigoma mjini. Mafundi walipewa vyumba, na kulikuwa na vyumba vya ziada. Shule zilikuwa zinafungwa, nami ni mwalimu. Akaniambia tumfuate mimi na binti yetu, aliyekuwa na miaka minane wakati huo, na akasema kwa sauti ya juu kidogo, akielekea dirishani, kwamba kule kuna milima mizuri sana ya kutembea kwa mtu mwenye goti. Mama alikuwa nje ya dirisha anachambua mboga.

Nilijua atakataa. Mama akachambua, akachambua, kisha akauliza zile nyumba ni za nani. Nikamwambia ni za serikali.

"Basi," akasema. "Serikali haijaoa kwangu."

Ndivyo tulivyokwenda, kwa basi na kisha kwa boti, mama akiwa na sweta mbili kwa sababu hakuamini kwamba kuna mahali pa joto. Mume wangu alilala na mafundi upande mmoja wa uwanja, sisi wanawake watatu tulilala upande wa pili. Walipangiana saa za kupita bila kuambizana. Yeye alikwenda kuoga ziwani kabla mama hajatoka. Mama alitoka kuota jua akisikia mwiko unagonga matofali.

Siku za kazi mama alitembea na mimi ufukweni tu, polepole, akilalamika kwamba mchanga unarudisha mguu nyuma. Jumapili mafundi hawakufanya kazi, na ndipo tulipopanda mlimani sote. Hairuhusiwi kupanda bila askari wa hifadhi, na tulipewa kijana mmoja mrefu, mtu wa kaskazini, mpole na mwenye kufuata kanuni kama Injili. Akatueleza kanuni. Mtoto hawezi kwenda walipo sokwe, kwa hiyo tutakwenda njia ya maporomoko, na siku nyingine mgongo wa mlima. Msipige kelele. Msitupe kitu wala msibebe chakula. Mtembee kwa mstari mmoja, mkaribiane, asiachwe mtu nyuma wala asitangulie mtu.

Hapo kazi ikaanza. Njia ya mlimani ni ya mtu mmoja. Mume wangu hawezi kuwa nyuma ya mama, kwa sababu mtu anayepanda mbele yako unaiona miguu yake, na ile miguu si ya kuonwa na mkwe. Hawezi kuwa mbele yake karibu, kwa sababu mama akiinua macho anaona mgongo na makalio ya mkwe, nayo pia ni mambo gani hayo. Kwa hiyo kila askari alipotupanga, sisi tulipangua. Alimweka mama katikati, mume wangu akaruka pembeni kuangalia mti. Alimweka mume wangu mwisho, mama akaketi chini akasema goti linauma. Binti yangu alicheka mpaka akashika tumbo.

Mwisho tukapatana kwamba mume wangu atatangulia, apotee kwenye kona, lakini asikike. Askari alisema kama hasikiki yeye anarudi na sisi sote. "Asikike bila kupiga kelele," akaongeza. Basi mume wangu akawa anaimba chinichini nyimbo za kwaya, sauti ya nne, ile nzito. Alikuwa huko mbele kwenye miti, sisi tulikuwa huku nyuma, na sauti yake ikituonyesha kona inayofuata. Mama alikuwa hajawahi kumsikia akisema zaidi ya salamu ya nyuma ya ukuta. Alisimama, mkono kwenye mti.

"Huyu ndiye anayeimba hivi?"

Nikamwambia ndiye. Akasema nimwambie kwamba ile sehemu ya pili anaiharakisha. Sikuhitaji kumwambia, kwenye ubeti uliofuata alipunguza mwendo.

Mume wangu alikuwa ametengeneza kigoda kwa vipande vya mbao za jukwaa la ujenzi. Alikibeba mabegani, akafika mahali penye kivuli, akakiweka katikati ya njia, kisha akasonga mbele. Mama akifika pumzi zimemwisha, kigoda kipo. Hakuna mtu, ni kigoda tu na wimbo mbali kidogo. Mama aliketi, akajipepea na ncha ya kitenge, akapumzika, akasimama. Binti yangu alikinyanyua kile kigoda akakimbia nacho mbele kwa baba yake, na mchezo ukaanza upya. Tulipanda mlima mzima namna hiyo. Sijawahi kuona watu wawili wakihudumiana vizuri kiasi kile bila kutazamana.

Mama naye hakutaka kushindwa. Jumapili ya pili alificha karanga za kuchemsha na muhogo ndani ya sweta, na alipoinuka kwenye kigoda akaviacha juu yake vimefunikwa na kitambaa, ili binti yangu akipeleka kigoda apeleke na chakula. Hakutuambia, maana chakula cha mkwe hakitangazwi. Binti yangu alikuwa amesimama kuangalia kipepeo. Alipogeuka, nyani dume alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama yangu, kitambaa kwenye goti, anamenya karanga moja moja kwa utulivu wa mzee wa kanisa. Askari alikasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Chakula mlimani ni marufuku, aliyasema hayo tangu siku ya kwanza. Mama akaomba radhi kwa heshima zote, na tulipofika mbele kidogo akaninong'oneza kwamba angalau mmoja ameweza kula mbele yake bila aibu.

Lakini askari yule alikuwa na jambo lililomsumbua, na Jumapili ya tatu akalitoa. Tulikuwa kwenye maporomoko, maji yanadondoka kutoka juu ya mwamba na upepo wake ni baridi kama asubuhi ya Kasulu. Alimwita mume wangu arudi. Mume wangu akarudi mpaka kwenye jiwe kubwa, akasimama upande wa pili. Askari akavua kofia. Alisema yeye ni mdogo kwetu kwa umri, tumwie radhi, lakini ameona mengi kwa macho yake. Ameona mama na mkwe hawasemezani, hawatazamani, mmoja akija mwingine anakimbia. Maisha ni mafupi. Mtoto anaona. Kama ni shamba, kama ni mahari, kama ni maneno ya watu, mahali hapa ni pazuri, waliache hapa, wapeane mikono.

Nilimtazama mume wangu, anatazama maji. Nilimtazama mama, anatazama maji. Nami nilitaka kucheka na kulia, maana yule kijana machozi yalikuwa yanamlenga.

Mama akamwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kunyoosha taratibu, "Mwanangu, ubarikiwe. Sisi hatujagombana hata siku moja. Ungekuta tumepeana mikono, ndiyo ungeuliza kuna nini."

Askari akavaa kofia. Hakuamini. Tangu siku hiyo akawa anatembea karibu na mama na kumsemesha maneno mazuri kuhusu msamaha.

Mwezi wa saba ulipokuwa ukiisha, mama alikuwa mtu mwingine. Alipanda bila mkono wangu. Alikuwa anafika kwenye kigoda akakipita, akasema kiende mbele. Watu wote walimpongeza, na mimi nilimpongeza kwa mdomo. Usiku mama alipokuwa akikunja nguo zake nilijua anajipima kwa ajili ya basi. Alinieleza atakavyopalilia mihogo yake, atakavyoezeka upya banda la kuku. Nilimpenda mama yangu, na papo hapo nilimchukia kwa vile alivyopona haraka. Nilimuuliza, nikiwa nimemgeuzia mgongo, akianguka tena nani atamsikia. Akasema safari hii hataanguka. Nikasema kwa ukali kwamba hata safari ile hakupanga kuanguka. Tukalala bila kuagana.

Jumapili ya mwisho tulikwenda mgongo wa mlima. Mama ndiye aliyetaka. Alikuwa ameambiwa kwamba ukifika juu kabisa, ukiligeuzia ziwa mgongo, unaiona milima ya kwetu, ya upande wa Kasulu, na pengine siku safi unaona mbali zaidi. Alitaka aione kabla ya kuondoka. Njia ile ni mbaya. Miti inaisha, inabaki nyasi kavu na changarawe, na pembeni ardhi imekatika kuelekea bondeni. Juu kidogo tulisikia nyani wanagombana, askari akasema tusimame, akaacha njia, akapanda kwa pembeni kuangalia waliko. Mume wangu alikuwa mbele zaidi, anaimba. Sisi watatu tukasimama.

Mama hakuweza kusimama. Alikuwa anaona ukingo wa juu, umebaki kidogo sana. Akapiga hatua, akapiga nyingine, changarawe ikatembea na mguu wake. Alianguka kwa ubavu, akateleza kuelekea ule mkatiko, na alipokuja kukamata nyasi miguu yake ilikuwa tayari inaning'inia. Nilijitupa nikakamata kitenge chake. Kitenge kilikuwa kinafunguka. Niliuchomeka mguu wangu kwenye changarawe na changarawe ilikuwa inaondoka. Binti yangu akamwita baba yake.

Wimbo ukakatika. Nilisikia viatu vyake vikishuka mbio, kisha nikamwona anatokeza kwenye kona, na nitalikumbuka jambo hili mpaka nazikwa: alipomwona mama jinsi alivyo, kilemba kimeanguka, miguu wazi, akageuka. Akatugeuzia mgongo. Halafu akaanza kushuka kwetu kinyumenyume, kwenye changarawe, pembeni mwa bonde, uso ameuelekeza juu mbinguni na mkono mmoja ameurudisha nyuma anapapasa hewa.

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, mimi ni mwalimu. Hakugeuka. Alikuwa analia, nilisikia, na bado anashuka kinyumenyume, kisigino kinatafuta mahali, na jiwe likatoka chini yake likaenda zake bondeni, hatukusikia likitua.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Aliona ule mgongo unakuja, aliona kile kisigino. Alikuwa ameshika nyasi kwa mikono miwili na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Mwana wanje," akamwambia, yaani mwanangu. "Geuka. Utaanguka."

Hakuniambia mimi nimwambie. Alimwambia mwenyewe.

Mume wangu akageuka. Akamtazama usoni, usoni tu, akalala chini kifudifudi, akamshika kifundo cha mkono kwa ile mikono yake ya kubebea matofali, akamvuta. Mama akatoka pale kama mtoto anavyotolewa kwenye beseni. Nilifunga kitenge chake upya. Binti yangu aliokota kilemba, akakipangusa vumbi, akamvika bibi yake kichwani upande.

Nilidhani tutashuka. Mama akasema juu pamebaki kidogo. Akapanda, na mume wangu akapanda pembeni yake upande wa bonde, kwa sababu mama alikuwa hajauachia mkono wake.

Kule juu hakukuonekana kitu. Ni kiangazi, watu wanachoma mashamba. Upande wa kwetu wote ulikuwa moshi. Mama akaketi kwenye kigoda akautazama ule moshi kwa muda. Mume wangu aliketi kwenye nyasi akitazama upande mwingine, lakini mkono wake uliobaki na mama aliuacha pale ulipo.

Mama alisema, akiuambia moshi, kwamba alikuwa anaogopa. Mtu akimwona mama mkwe wake anainuliwa kama gunia, anaoshwa, anavuliwa, heshima inaondoka. Na ikimwondokea mama, inamwondokea na binti. Kwa hiyo alipanga azeekee mbali, ili ndani ya nyumba yangu nibaki binti wa mtu.

Mume wangu aling'oa unyasi mmoja kwa mkono ule mwingine. Kisha akasema, "Mama, mimi mkono wa mama yangu siujui. Nilikuwa mdogo mno."

Askari alirudi akihema, akatukuta hivyo, wameshikana mikono mbele ya moshi. Akavua kofia tena. Alitushukuru sana, na mpaka leo nadhani anawasimulia wageni alivyopatanisha familia moja ya Kasulu.

Sasa ningependa kusema mambo yakawa mazuri tangu pale. Hayakuwa. Tuliposhuka, aibu ilimpata kila mmoja kwa wakati wake. Mume wangu alianza kuamka kabla ya alfajiri akajificha juu ya paa na mabati yake. Mama alijifungia chumbani, hakutoka hata kuota jua, na nilipomletea uji alisema niuweke chini niende. Kwetu mkwe akigusana na mkwe kuna kitu kinatolewa kuiondoa aibu, na mama hakuwa na kitu pale hifadhini. Mwisho alinunua kuku wawili kijiji cha jirani, akampa binti yangu ampelekee baba yake. Mume wangu aliwapokea kwa mikono miwili, akaenda kuwafunga chini ya jukwaa, na hakusema neno. Mama alipoona hakuna neno, akafunga mzigo wake. Alisema anarudi Kibondo, na alisema kwa namna ambayo hata mimi, mwenye mdomo, sikupata pa kuanzia.

Tuliondoka sote siku moja, kazi ilikuwa imekwisha. Basi la Kigoma kwenda Kibondo linapita Kasulu, kwa hiyo tulipanda moja. Mimi na binti yangu tuliketi na mama. Mume wangu aliketi mbele kabisa na wale kuku. Tiketi zetu zilikuwa za Kasulu, ya mama ilikuwa ya Kibondo. Njiani nilimtazama mikono yake iliyotulia mapajani na nikaomba gari liharibike. Halikuharibika.

Kasulu tulishuka. Mume wangu alishusha mizigo yetu, akaacha wa mama kwenye buti la chini. Nilimkumbatia mama kitini pake, binti yangu akamwambia bibi kwaheri, na sisi tukasimama kwenye vumbi la stendi chini ya dirisha lake. Kondakta alipiga bodi la gari. Nililia mbele ya watu, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wangu.

Kisha tukamsikia mama anamwambia kondakta asubiri. Alishuka ngazi za basi moja moja, bila kushikwa, kama alivyoapa. Akatembea moja kwa moja. Nilifungua mikono, akanipita. Akaenda kusimama mbele ya mume wangu, aliyekuwa na kuku wawili kwapani na hana mahali pa kukimbilia.

"Mwana wanje," akamuuliza, "nitalala chumba gani?"

Mume wangu, mwenye maneno mengi, aliwakaza kuku kwapani. Kisha akasema, "Cha mbele, mama. Kile kinachopata jua la asubuhi." Kile ni chumba chetu. Hakuniuliza, na mimi sikumsahihisha.

"Lakini kula," mama akasema, akimwinulia kidole, "sitakula mbele yako."

Hakula. Mkono ulikuwa mkono, chakula kilibaki chakula. Aliishi na sisi, akawa anamsemesha mkwewe mwenyewe, akamsahihisha nyimbo zake, na mimi nikapumzika kazi ya redio. Ila kila jioni mume wangu alichukua sahani yake akaenda kuketi kwenye jiko la nje, ili mama ale mezani kwa nafasi. Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, jiko linavuja, nikamfuata nikamwambia aingie, mama amemaliza. Akanionyesha kidole mdomoni. Akasema bado, anasikia kijiko. Alikuwa ameegemea ukuta alioujenga mwenyewe, sahani ya maharage inapoa mapajani, akisikiliza mama anakula ndani ya nyumba yake.